Altrasaundi ya mkononi: kabla hujalipa, ijaribu kwenye wengu

Muuzaji wa altrasaundi ya mkononi akija ofisini kwako atakuonyesha mimba, kibofu kilichojaa mkojo, na ini la kijana mwembamba asiye na kitambi. Vyote vitatoka vizuri. Kibofu ni maji matupu, mimba inaelea ndani ya maji, na ini ni kubwa kiasi kwamba hata ukishika probu, kile kichwa kinachogusa ngozi, vibaya utalipata tu. Hapo ndipo watu wanatoa pesa. Mimi nilimwomba muuzaji wetu avue shati, alale kwa ubavu wa kulia, mkono wa kushoto aupeleke juu ya kichwa, nimtafute wengu, yaani bandama. Alicheka, kisha akaona sicheki, akalala.

Kwangu wengu ndio mtihani wa mashine. Umejificha nyuma, chini ya mbavu ya 9 hadi ya 11. Juu yake kuna pafu lenye hewa, mbele yake kuna tumbo lenye hewa na ugali, na dirisha la kuuchungulia ni ile nafasi kati ya ubavu na ubavu ambapo hata kidole kimoja kinaenea kwa shida. Ukishaupata, hauna umbo moja. Figo nazo zina vituko vyake, sikatai, ila wengu kila mtu kazaliwa na wa kwake: huu una mikato ukingoni, ule una kipande kilichochomoza ndani kuelekea figo, mwingine una mdogo wake pembeni. Yote hayo ni uzima. Mashine dhaifu inayageuza kuwa ugonjwa, na mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi inayomnyima usingizi.

Nafanya kazi ya altrasaundi Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, na mara kwa mara tunapanda boti na timu ya wilaya kwenda visiwa vidogo. Huku ziwani wengu si kiungo cha kupitia harakaharaka. Kichocho cha tumbo kimejaa: minyoo inataga mayai, mayai yanakwama kwenye mishipa midogo ya ini, makovu yanajenga pembeni yake, damu inakosa njia na kurudi nyuma, wengu unavimba. Malaria nayo ipo. Watoto wa selimundu wapo, ambao wengu wao huanza kwa kukua halafu, kwa kuziba mishipa mara kwa mara, unasinyaa hadi ukiutafuta huuoni. Chuoni bado wanafundisha ngazi za Hackett za mwaka 1944, kuanzia 0 hadi 5, za kupima wengu kwa vidole tu, na mimi nazipenda kwa sababu vidole havihitaji chaji. Lakini vidole havikwambii kilichomo ndani. Wagonjwa wengi wanafika wakiwa na chale ubavuni kushoto, kwa hiyo hata kabla ya probu kugusa ngozi unajua nyumbani walianza kutibu nini.

Jina la kampuni sitaji. Kasoro nitakazosema nimezikuta kwenye kifaa changu kimoja, na wenzangu wenye vifaa vya kampuni nyingine wananiambia yao ni yaleyale.

Kwa umbo, kinatosha kiganjani, kikubwa kidogo kuliko mashine ya kunyolea, kina waya unaochomekwa kwenye simu. Badala ya fuwele zinazotetemeka kwenye probu tulizozoea, ndani mna chipu yenye maelfu ya tando ndogo mno, na programu ya simu ndiyo inayoziambia zitetemeke kwa kasi ipi. Ndiyo maana kichwa kimoja kinadai kufanya kazi ya vichwa vitatu: tumbo, moyo, na vitu vya juujuu kama shingo na mishipa. Tulichanga na mwenzangu, ikafika shilingi milioni saba na ushee pamoja na ushuru. Juu ya hapo kuna ada ya kila mwaka ya programu, jambo ambalo muuzaji alilitaja mwishoni kabisa, akiwa ameshasimama kuaga. Mashine mpya ya magurudumu ni mara kadhaa ya bei hiyo, tena haipandi boti.

Nianze na kipimo tunachokifanya kila siku, urefu. Kwa mtu mzima, wengu wenye hadi sentimita 12 hivi hatuuandikii makuu. Kwa mtoto unaangalia umri na kimo. Kifaa kinapima, ila unaweka alama kwa kidole kwenye kioo cha simu, na kidole ni kinene kuliko ukingo wa wengu. Nilipolinganisha na mashine ya hospitali tofauti haikufika sentimita moja, kwa hiyo naridhika. Shida inakuja kwa wengu wa ziwani ulioshuka hadi karibu na kitovu: hauenei kwenye picha. Mashine kubwa zina njia ya kuunganisha picha ndefu, hii haina. Dawa yake ni kalamu. Natafuta ncha ya juu, natia alama kwenye ngozi, natafuta ncha ya chini, natia nyingine, napima kwa futi ya fundi cherehani, na kwenye ripoti naandika kwamba nimepima kwa njia hiyo.

Uso wa probu ni mpana na una kona. Kwa baba mwenye mwili hilo si tatizo. Kwa mtoto au mtu aliyekonda, kona zinakalia mbavu na unapata vivuli vyeusi viwili, wengu umebanwa katikati. Igeuze mshazari ifuate nafasi ya mbavu. Na usimwambie mgonjwa avute pumzi nyingi kama unavyofanya kwenye ini. Akijaza kifua, pafu linashuka na kukufungia dirisha. Mimi nawaambia, "Vuta kidogo, haya, hapohapo, usiachie." Hili halihusu kifaa hiki peke yake, ila kwenye kifaa hiki ukilisahau huoni chochote.

Sasa niseme habari ya vijiwengu, wale wengu wadogo wanaokaa pembeni ya wengu wenyewe, maana hapo ndipo nilikifahamu kifaa vizuri, uwezo wake na mwisho wake.

Alikuja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, ana karatasi kutoka kituo kimoja cha binafsi ng'ambo ya maji. Imeandikwa: uvimbe wa mviringo, sentimita 1.6, karibu na mkia wa kongosho, achunguzwe zaidi kwa hofu ya saratani. Hakuna aliyemfafanulia. Kabla sijamaliza kumsalimia akasema, "Daktari, niambie ukweli tu, watoto wangu bado wadogo." Tulikuwa kwenye zahanati isiyo na umeme siku hiyo, nikatoa probu mkobani.

Nilikiona upesi kuliko nilivyotegemea. Kimekaa langoni mwa wengu, pale mishipa inapoingilia, duara safi, kingo laini, na rangi yake ya kijivu ni ileile ya wengu mama. Hilo la rangi ndilo la kushika. Tezi limfu mara nyingi huwa nyeusi zaidi, na uvimbe wa kongosho una kijivu chake. Kijiwengu ni nyama ya wengu iliyobaki peke yake wakati vipande vya wengu vilipokuwa vinaungana kabla mtu hajazaliwa, basi lazima ifanane na wengu. Si jambo la ajabu hata kidogo: uchunguzi wa maiti umevikuta kwa watu 10 hadi 30 katika kila 100. Vingi havizidi sentimita mbili, na wenyewe huishi navyo hadi kufa bila kujua.

Ushahidi wa pili ni mshipa. Kijiwengu hulishwa na tawi la ateri ya wengu, ukiliona tawi likiingia umepata uhakika mkubwa zaidi. Hapo kifaa kikakwama. Dopla yake, yaani zile rangi za kuonyesha damu inavyotembea, ni ya mishipa mikubwa. Kwa kitawi chembamba kilichoko sentimita nane ndani, kila mama alipopumua skrini nzima ilijaa nyekundu na bluu, ukatamani uizime. Nilijaribu kupunguza kasi ya kipimo, nikajaribu kupunguza boksi la rangi, wapi. Nikamwandikia aje hospitali, na kwenye mashine ya magurudumu tawi lilionekana bila kulitafuta sana.

Hata hivyo hatukuishia hapo, kwa sababu kijiwengu kilichosogelea au kuingia kwenye mkia wa kongosho kimewahi kuwapeleka watu kwenye upasuaji usio na sababu, duniani kote, kwenye hospitali zenye kila kitu. Akaenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupigwa CT Scan ya dawa ya mshipani. Mtaalamu wa picha aliandika kwamba kidude kile kinapokea dawa sawasawa na wengu katika kila awamu, na mambo yakaishia hapo. (Kwa wanaoanza kusoma CT: picha zikichukuliwa mapema, sekunde 30 hivi baada ya dawa kuingia, wengu mzima wenye afya unaonekana na michirizi ya pundamilia. Si majeraha. Subiri picha za sekunde ya 70, utakuta umetulia rangi moja.) Ingebaki shaka, kuna kipimo cha nyuklia ambapo chembe nyekundu za damu hupashwa moto, hutiwa tekineti, dawa yenye mionzi, na kurudishwa mwilini. Wengu huzikamata chembe zilizoharibika, na kijiwengu hivyohivyo.

Mama alivyorudi nikamweleza. Akaniuliza, "Kwa hiyo nina bandama mbili?" Nikamwambia ana moja na mtoto wake. Akafikiri kidogo: "Na huyo mtoto hatanisumbua?" Nikamjibu hatamsumbua, ila karatasi aitunze. Siku akipata ugonjwa wa damu unaolazimu wengu kutolewa, daktari wa upasuaji ajue kuna kijiwengu, kwa sababu kikiachwa kinaweza kukua, kikafanya kazi ya wengu uliotolewa, na ugonjwa ukarudi.

Kwa hiyo alama za kifaa kwa vijiwengu: kuona, nakipa nane kwa kumi. Kuthibitisha, mbili.

Kwa majeruhi hali ni nyingine, na huko ndiko pesa yetu ilikorudi. Bodaboda wa huku wanaanguka kila wiki, na anayeangukia ubavu wa kushoto wengu wake ndio wa kwanza kuulizwa. Kijana mmoja aliletwa usiku, kifaa kikaonyesha mstari mweusi kwenye ukingo wa juu wa wengu. Umepasuka au umezaliwa hivyo? Ukingo ule wa juu ndio unaobaki na mikato ya vile vipande vya awali, na mwanya wa kuzaliwa unaweza kuingia ndani sentimita mbili hata tatu. Mwanya wa kuzaliwa una kingo laini na pembeni yake hakuna damu. Mpasuko una kingo zilizochanika, na damu haiko mbali. Kwenye mashine nzuri unaweza kubishana kuhusu kingo. Kwenye skrini ya simu kingo zote zimepakwapakwa, nisikudanganye.

Swali la damu, hilo kifaa kinalijibu. Kati ya wengu na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kati ya wengu na figo, chini kwenye nyonga, damu ikiwepo inaonekana nyeusi, na huhitaji picha ya kupendeza kuiona. Kwa kijana yule haikuwepo. Lakini kukosa damu saa ya kwanza si hati ya uzima, wengu unaweza kuchanika ndani kwa ndani na kuvuja baadaye, kwa hiyo nilimrudia tena na tena usiku ule huku manesi wakiandika mapigo na presha. Mashine kubwa imefungwa chumbani na ufunguo anao mtu mwingine. Probu ilikuwa mfukoni mwangu. Asubuhi alivushwa kwa feri, CT ikasema ni mwanya wa kuzaliwa, na bega ndilo lililokuwa limevunjika.

Mtego unaonikera zaidi ni wa ini. Kuna watu, wanawake zaidi, ambao sehemu ya kushoto ya ini ni ndefu, inavuka tumbo na kuukumbatia wengu kwa juu. Ini ni jeusi kidogo kuliko wengu, kwa hiyo unaona utando mweusi umeuzunguka wengu, na kwa mtu aliyetoka kuanguka unaruka kuandika damu. Namna ya kujua ni mbili: ndani ya ini mna mishipa, ndani ya damu iliyomwagika hamna. Na mgonjwa akipumua, ini linateleza juu ya wengu. Programu ya kifaa hiki ina tabia ya kulainisha picha ili ipendeze, na inapolainisha inafuta mishipa midogo ya ini. Ukibaki na mpangilio wa kiwandani, utando ule unakuwa laini na mweusi kama damu ilivyo. Ingia kwenye mipangilio ya tumbo, punguza ulainishaji, ongeza mwanga, kisha usitegemee picha mgando, rekodi video ya pumzi tatu nne. Muuzaji hakuwa anajua kama mpangilio huo upo. Ni kitu cha dakika moja, na hakimo kwenye kijitabu.

Yapo mambo ambayo kifaa kidogo kinashinda kikubwa. Msichana mwenye uvimbe chini ya kitovu, leo uko hapa, kesho umehamia pale, na wengine walishamwambia ni wa kizazi. Niliupeleka mkono wa probu juu kushoto, pale wengu ungekuwa, nikakuta utumbo. Uvimbe wenyewe ulikuwa na mikato ukingoni na mishipa langoni: wengu uliokosa kano za kuushikilia, unaotangatanga. Ni nadra sana, na hatari yake ni kujinyonga kwenye shingo yake ya mishipa, damu ikakatika. Ukiwahiwa ukiwa mzima, madaktari wa upasuaji huweza kuushona mahali pake badala ya kuutoa. Kwa kumfuata fuata mgonjwa akiwa amelala, amekaa, amesimama, probu ya waya mmoja haina mpinzani.

Kwa mtoto mwenye moyo wenye kasoro za kuzaliwa, utafute wengu hata kama hukuombwa. Unaweza kuukuta kulia, ukakuta vijiwengu vingi badala ya mmoja, au usikute kabisa, na asiyekuwa nao anahitaji chanjo na dawa za kinga kabla vijidudu havijamfikia. Kifaa kinatosha kwa swali hilo. Kwa anayetaka kuchoma sindano ya figo la kushoto, kuna watu ambao wengu umepita nyuma ya figo. Angalia akiwa amelala kifudifudi, vile atakavyolala wakati wa sindano, maana unahama.

Ya umeme na simu nitayasema kwa ufupi kwa sababu yananipandisha hasira. Chaji inaahidiwa saa mbili za kupima mfululizo, sasa inatoa pungufu ya hapo. Juani probu inapata moto, programu inajizima ili ipoe, na mgonjwa amelala na jeli imemkauka. Programu inataka kuingia mtandaoni kila baada ya muda kuhakiki kwamba umelipa ada. Ikifika zamu hiyo ukiwa kisiwani Ukara mtandao unasuasua, unakaa na probu nzima isiyofanya kazi. Fanya uhakiki huo kabla ya kupanda boti. Simu usitumie ile ya kupokelea simu za nyumbani, katikati ya kupima itaita na picha itaganda.

Ukiwa na mashine kubwa hospitali na unataka ya kutembea nayo, nunua. Ukiwa kituo cha afya kinachopokea majeruhi na kivuko kiko mbali, nunua, hata kwa kuchanga. Ukitaka iwe mashine yako pekee, halafu uandike ripoti za uvimbe ambazo watu watauzia nyavu na ng'ombe kutafuta matibabu, acha kwanza pesa benki. Na kabla ya kulipa, leta mtu mwembamba na mtu mnene, walaze kwa ubavu, tafuta wengu wa kila mmoja mwenyewe kwa mkono wako, muuzaji akae pembeni. Muulize pia ada ya mwaka, na nini kinazimika usipoilipa.

Kuna toleo jipya linalosemekana kuwa na uso mwembamba na dopla bora. Mwenzangu wa Sengerema amelipata. Akiniazima nitalipitisha kwenye wengu kadhaa za huku na kuongeza maelezo hapa chini.